Siku Niliyokataa Kwenda Kuangalia Chai

Endasak, Hanang

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unapaka, au umeifungia kabatini kama kawaida yako? Mimi mzima, ila roho iko juujuu tangu jana.

Unakumbuka nilipochaguliwa kwenye bodi ya chama chetu cha akiba na mikopo, ukapiga vigelegele kwenye simu? Mama, mwanamke ni mimi peke yangu, na kazi yangu ilikuwa kufungua kikao kwa sala. Nikisema amina tu, mwenyekiti anasema, "Nesi, hebu tuangalizie chai." Naenda jikoni. Nikirudi na birika, mambo yameshapitishwa, nami nasaini.

Jana walikuwa na lao: mwanamke asikopeshwe mpaka mume aje kusaini. Nililisikia njiani kwa dereva wa bodaboda, fikiria! Nikamwaza Mama Pili, jirani yangu anayeniletea maharage. Mumewe alikwenda migodini, hajulikani aliko. Shamba analima mwenyewe, na anataka mkopo wa mashine ya kupukuchua mahindi. Saini ya mume aitoe wapi?

Nikasali. Amina.

"Nesi, chai."

"Leo siendi, mwenyekiti. Tuanze kikao."

Wee! Walinitazama kama nimetukana. Mwenyekiti akasema, "Wewe ni mgeni huku. Leo upo, kesho umehamishwa." Nilimwelewa, shemeji yake ni mkubwa wilayani. Nikamjibu, "Basi nisikilizwe leo, nikiwa bado nipo."

Tulibishana mpaka kikao kikaahirishwa hadi Ijumaa. Tukitoka, mzee mmoja mjumbe, mkimya siku zote, akaninong'oneza, "Binti yangu kaachika, yuko nyumbani na watoto. Ijumaa usikose."

Naogopa, mama. Na usiniambie nikaombe radhi, najua ndilo linalokuja mdomoni. Wakinihamisha wanihamishe, lakini Ijumaa ipite kwanza.

Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na dada wa cherehani. Bibi mwambie blanketi lake ndilo linaloniokoa na baridi ya huku.

Nilitaka kuishia hapo, nikasikia hodi. Ni Mama Pili, habari zimeshamfikia. Hakutaka hata kukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Ijumaa chai nitapika mimi. Wewe usinyanyuke."

Mwanao akupendaye,
Tumaini