Mafuta ya Kondoo Juu ya Vidonge
Qurus, Jumanne usiku

Na leo tena Mama ameyeyusha mafuta ya kondoo, akanywa nusu kikombe, ndipo akameza vidonge vya maumivu ya goti.

"Mafuta yanapaka tumbo, mwanangu. Dawa haitanichoma."

Nikamweleza: ute unaokinga tumbo dhidi ya asidi hutengenezwa na tumbo lenyewe, vidonge hivyo huupunguza, na mafuta hayawezi kushika nafasi yake. Akacheka. "Bibi yako aliyanywa mpaka uzeeni."

Bibi hakuwa na vidonge, nilimjibu. Akaenda kuosha kikombe.

Baada ya chakula akataja, kama jambo dogo, kwamba tangu Jumapili choo chake ni cheusi kama lami. Hiyo ni damu inayovuja tumboni. Nimemsihi twende hospitali sasa hivi. Amesema kesho, akishakamua ng'ombe.

Amelala. Nimempigia jirani mwenye gari, nikamwomba asizime simu.