Mwalimu Marieta, Aliyeomba Maji Kila Nyumba

Mwaka umetimia, Mwalimu Marieta, tangu presha ikuchukue Februari ile nasi tukakulaza hapa Mugango, hatua chache kutoka shamba lako la mihogo. Tulitaka kukuandikia maneno matamu tu. Tumeshindwa. Moyo umejaa, na wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka.

Tunakumbuka ulivyocheka mpaka miwani ikaanguka. Chaki haikukutoka vidoleni hata Jumapili kanisani. Ulikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa kichwa cha samaki sato. Hicho hukumgawia mtu, hata padre.

Zaidi ya yote tunakumbuka Desemba zako. Shule zikifungwa, msimu wa kukeketa na kuoza mabinti ukianza, wenzako walipumzika. Wewe ulianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kila yenye mwanafunzi wako wa kike. Hukuuliza habari za ngariba wala za mahari. Uliketi, ukasalimia, ukasema, "Mimi naombaga maji ya kunywa tu." Maji yakiletwa na binti mwenyewe, ulimtazama machoni, ukanywa, ukaaga. Yakiletwa na mtu mwingine, uliomba tena, na tena. Binti asipoonekana kabisa, ulikwenda moja kwa moja kwa askari wa dawati la jinsia.

Kaka yako Mseti ndiye aliyekuzungusha kwa pikipiki yake. Alivaa fulana ya kamati ya kuzuia ukatili, na kwenye mikutano ya shule alizungumza kuliko mwalimu mkuu. Siku ya mazishi alishika jeneza lako akasema mbele ya wote, "Dada amelala, kazi yake haitalala. Jeska ni mwanangu, atasoma." Tulilia. Mumeo Yusto, ambaye hufungua duka lake la nyavu mtaa wa Mukendo, mjini, alfajiri na kurudi giza limeingia, aliona Mungu amemkumbuka. Alimfungia binti yenu sanduku la shule kwa mikono yake, akampeleka Butiama kwa mjomba wake akasome kidato cha pili. Hajajisamehe mpaka leo.

Desemba Yusto alikwenda Butiama na dada yake Dorah kumchukua mtoto kwa Krismasi. Alitangulia kupiga simu, kama ilivyo adabu. Walipoingia, jagi la maji na glasi vilikuwa tayari mezani. Katika nyumba ile maji hayajawahi kumsubiri mgeni. Huwa yanaombwa, ndipo yaletwe. Yusto aliyatazama, akaelewa. Aliyeyaweka pale hakutaka mtu yeyote aombe maji, na sababu ya kuogopa kuombwa maji, katika nyumba ile, aliijua mtu mmoja tu: yule aliyekuwa akikusubiri nje na pikipiki.

"Jeska yuko wapi?" Yusto aliuliza.

"Ameenda Bunda, shemeji, kwa shangazi yake. Kusalimia tu," Mseti akajibu.

Wifi yako Dorah akasimama. "Shangazi yupi? Shangazi yake ndiyo mimi, na nimekaa hapa kwako!"

 Nje, zizini, walikuwepo ng'ombe wageni, ng'ombe wa mahari.

Askari walimkuta Jeska huko Bunda, nyumbani kwa mwanamume wa umri wa baba yake, ngariba ameshaambiwa siku. Tunamshukuru Mungu, alikuwa mzima. Alimwambia baba yake, "Kila mgeni akija nilikuwaga nasikiliza kama ataomba maji."

Angetutenda hivi mtu wa mbali, tungesema ndiyo dunia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii tuliivaa wenyewe tukaisifia. Alikusaliti ukiwa kaburini, Mwalimu, kwa akili uliyomfundisha wewe. Tuna hasira, na hatumwombi mtu radhi kwa hasira hiyo. Kesi iko mahakamani.

Jeska sasa yuko kidato cha tatu, shule ya hapa hapa Mugango, na analala kwenye kitanda chake. Hesabu zinamsumbua kama zilivyokusumbua wewe.

Wanaokukumbuka ni mumeo Yusto, mwanao Jeska, wifi yako Dorah, walimu wenzako, wasichana wote uliokunywa maji yao, na mama yako mzazi, Bibi Wegesa. Jina la Mseti lilikuwepo tulipoandika tangazo hili mara ya kwanza, maana damu ni damu. Bibi Wegesa alisomewa majina yote, kisha akasema, "Huyo mtoeni. Nilimzaa mimi, na mimi ndiyo nasema mtoeni."

Misa ya kukuombea ni Jumamosi asubuhi, kisha wageni watakuja nyumbani. Hutatutoka moyoni, Marieta, siku zote zilizotubakia. Mezani hatutaweka jagi. Kila atakayeketi ataomba maji ya kunywa, na atakayeyaleta ni Jeska.