Grisi Mikononi mwa Nyanya

Msambweni, Ijumaa asubuhi

Mjukuu wangu Mwanasha,

Marahaba. Sisi wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Umeuliza picha pekee ya nyanyangu ilipatikanaje. Leo nakueleza yote, sifichi.

Nilikuwa msichana wa shule. Mpiga picha alikuja kutoka Diani kwa baiskeli, akamwomba Nyanya ampige picha. Nyanya akajifunika uso kwa leso. Yule bwana akashukuru, akageuka kwenda zake; papo hapo cheni ikachomoka.

"Mwenye kamera, baiskeli imekushinda!" Nyanya akacheka, akainama kumsaidia. Mikono ikajaa grisi.

"Haya, tumechafuka sote. Nipige."

Bwana yule namstahi hadi leo: alinyimwa, akashukuru. Nawe unayezunguka Nairobi na kamera na baiskeli yako, ukikataliwa picha hufanyaje? Nijibu upesi.