Glavu Nusu

Lubondja, 4 Mei 2020

Kwako yaya Ketsia, mtoto wa kwanza wa mama yetu,

Habari ya Baraka? Kifua cha mama kinaendeleaje? Huku tuko wazima, ila mwenye kupiga chafya anaombwa maelezo.

Mulisema sababu ya Korona, sisi wabeba wagonjwa hatutakuja tena ukumbini kwenu kwa mafunzo ya usalama. Mafunzo na mtihani ni kwa telefone, na asiye na cheti hagusi tipoy ya kubebea mgonjwa. Sawa. Rezo ya telefone iko kilimani tu, juu ya jiwe moja, na tuko sita. Jana nilikuona kwenye video ukifundisha kuvua vifaa vya kujikinga. Ukafika glavu ya kwanza, nusu iko mkononi, mdomo wazi, ukaganda. Tulikungoja mpaka batri ikakufa. Fabien mwenzetu akasema, "Yaya yako leo amenyamaza. Tumuombee?"

Mdogo wako,
Dieumerci

Baraka, 9 Mei

Mdogo wangu,

Mama anakohoa kama kawaida yake, anakusalimia. Mimi usingizi haunikubali. Vyeti vyenu sita vimefika ofisini na wote mumepata alama zote. Hata wewe uliyerudia darasa la tano. Muntu aliyeona nusu ya glavu anajibuje maswali ya maski? Niambie ukweli. Mkubwa wetu ameshasaini.

Yaya yako

Lubondja, 12 Mei, asubuhi

Yaya,

Pole na usingizi. Ni Fabien. Alikaa juu ya jiwe na telefone zetu zote, akatujibia maswali ya mtihani. Sasa tunamwita Dokta.

Naandika haraka, Henri wa kupeleka barua anawasha pikipiki. Tumeitwa kumbeba mama Aline wa mashamba ya juu, anapumua kwa shida. Kuvaa tunajua. Kuvua, wewe ulituacha kwenye glavu.

Dieumerci

Baraka, 12 Mei

Dieumerci,

Salamu zitafuata. Musiguse uso. Mumoja avue, mwingine amwangalie. Glavu, ibane kwa nje penye kifundo cha mkono, uivute igeuke ndani nje. Ya pili, ingiza kidole ndani yake, nayo uigeuze. Osha mikono. Maski, shika kamba za nyuma, mbele usiguse. Osha tena. Kisha niandikie hata neno moja.

Yaya

Lubondja, 20 Mei

Yaya wangu,

Pole kwa kimya. Mvua ilikata njia, Henri naye amekwama huku mpaka leo. Mama Aline yuko kituo cha afya, anapumua, na ameanza kulalamikia ugali wao.

Tulipomfikisha, tulisimama nje, hakuna aliyethubutu kuvua. Nikakumbuka vile uliganda. Nikasema, tumwige yaya. Tukaganda juani, mikono mbali na mwili, batoto wakitucheka, mpaka Henri akafika. Akasoma barua yako kwa sauti akiwa mbali, hata pale pa salamu zitafuata. Tukavua mstari kwa mstari.

Wote tuliganda, ila Dokta. Pua ilimuwasha kabla Henri hajafika, akaikuna na glavu. Nilimkemea, akanijibu, "Nani ana vyeti sita hapa?"

Sasa analala peke yake kwenye darasa tupu la shule, chakula tunamwachia mlangoni. Asubuhi hii nimemsikia anakohoa. Anasema ni moshi.

Yaya, kule shuleni hakuna muntu anayepika.

Mdogo wako