Gari la Saidi Kwenye Uwanja wa Ndege

Mjukuu wangu Hawa,

Salamu nyingi kutoka Ruangwa. Bibi yako hajambo. Mimi nina uchovu tu wa uzee. Umeuliza uanze kutengeneza nini kabla ya kulikimbiza gari lako uwanjani.

Miaka ya sabini, kule Nachingwea, rafiki yangu Saidi alitaka kulikimbiza gari lake kwenye uwanja wa ndege wa zamani. Akaniomba niiongezee injini nguvu.

"Breki kwanza," nikamwambia. Akanuna, lakini nikafunga mpya.

Siku ya kulikimbiza, akiwa kasi uwanjani, mama mwenye mzigo wa ufuta akakatiza mbele yake. Breki zikashika, gari likasimama karibu naye kabisa. Saidi akashuka.

"Mwanangu," mama akamuuliza, "ulikuwa unawahi wapi?"

Nawe, anza na breki.

Babu yako,
Issa