Mchana Mmoja Bila Moto Miguuni

Jumatatu, 7 Juni 1976
Sindano ya insulini, uji usio na sukari, kisha darasa la tano. Nimefundisha hesabu nikiwa nimekaa, tena. Nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa. Ukiziangalia, hazina kidonda wala uvimbe. Ndiyo maana Mwalimu Mkuu anadhani nasingizia.

Jumanne, 8 Juni
Mchana nilijinyoosha kidogo. Mke wangu Sabina akanifunika miguu kwa khanga. Nilipiga kelele, nikamsukuma. Naona aibu. Naogopa pia. Huenda maumivu haya nayatunga mwenyewe kichwani.

Alhamisi, 10 Juni
Lori la mpunga, kutoka kwetu Mamba hadi Mpanda. Sabina kanisindikiza, ingawa sikustahili. Hospitalini kuna daktari aliyekuja kwa treni kutoka Tabora. Alinigusa unyayo kwa pamba, nikaruka. Akanichoma kidole gumba cha mguu kwa pini, sikuhisi kitu. Hakunicheka. Kaniambia nirudi kesho.

Ijumaa, 11 Juni
Alinieleza vizuri. Atapiga sindano za ganzi kwenye mishipa ya fahamu, hapa vifundoni. Si tiba. Anataka kujua maumivu yanaanzia wapi. Moto ukizimika, basi unatoka miguuni. Na usipozimika? Nirudi Mamba na jina la kichaa?

Akanidunga vifundo vyote viwili. Haikupita nusu saa, moto ukazimika, miguu kimya. Miaka miwili sijapata kimya kama kile.

"Mwalimu, huna wazimu," daktari alisema. "Sukari imeharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Maumivu yako ni ya kweli."

Nililia mbele ya nesi. Sabina akazishika nyayo zangu kwa mikono yote miwili.

"Unasikia?"

Sikusikia kitu. Nilimwona tu akizishika. Nikamwomba radhi kwa ya Jumanne.

"Yameisha, Baba Roza."

Daktari kamwandikia Mwalimu Mkuu barua, niruhusiwe kufundisha nimekaa. Mungu ambariki.

Jumapili, 13 Juni
Ganzi iliisha Ijumaa ileile kabla ya magharibi. Moto umerudi wote. Hata hivyo nashukuru, siuogopi tena.

Baada ya misa nilikaa kwenye mkeka uani, hapa kwetu Mamba. Sabina akakagua nyayo kutafuta kidonda nisichokihisi, kama daktari alivyomwagiza, bila kuzigusa. Hapa pazima. Hapa napo pazima. Kisha akaenda kuchambua mchele, nami nikabaki juani kidogo.