Vile Vifurushi Havikuwa Dawa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ungeniitikia marahaba bila kuinua macho kitabuni, kidole kimeshika mstari usipotee. Nakuandikia nikiwa na hasira, na safari hii usiniambie nimeze mate kwanza. Vifurushi vyako vimechomwa moto.

Mimi na wewe tulijua ni vya nini. Kila ukimaliza riwaya ulitia mbegu moja ya ukwaju kwenye kopo la maziwa. Mwaka ukiisha tulikaa mkekani tukazihesabu, ukazifunga kwenye kitambaa cha kanga kuukuu na kuzificha ndani ya sanduku la bati. Mwaka niliomaliza darasa la saba zilifika ishirini na moja. Ulipiga vigelegele peke yako hadi jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Na ulikuwa mkali. Nilikuletea riwaya kutoka mnadani Kharumwa, kurasa za mwisho muuza karanga kashafungia karanga zake. Nikasema tuihesabu tu, umebakiza nini? Ukasema, "Sijui yule binti aliolewa au alitoroka. Nitahesabuje nisichokijua?" Mbegu ukairudisha, nami nikanuna siku nzima.

Sasa sikia. Siku ya tatu ya msiba wako, shangazi alifungua sanduku akitafuta kanga zako. Akakuta vitambaa kumi na tisa vimefungwa mafundo, ndani mbegu. Alitoka navyo nje, akavimwaga uani mbele ya wafiwa. Huku kwetu bibi mwenye macho mekundu hahitaji ushahidi mwingi kuitwa mchawi, na yako yalikuwa mekundu kwa kukodolea herufi ndogo bila miwani.

Aliyeleta kiberiti ni Kaka Masanja, kifungua mimba wako. Duara lake kule Rwamgasa, lile shimo analochimba dhahabu, halijampa kitu tangu masika. "Kumbe mayu, mama yangu mwenyewe, ndiye aliyenifunga," alisema mbele ya wafiwa. Nikamwambia ile ni hesabu ya riwaya ulizosoma. Akanitazama kwa huruma.

"Mtu mzima asome hadithi miaka yote hiyo, hana mtihani, halipwi? Nani atakuamini, Kabula?"

Hapo ndipo ninapoungua, mama. Uchawi waliuamini papo hapo. Lakini kwamba mkulima wa pamba alisoma kwa raha yake tu, hilo liliwashinda kumeza. Tena anayesema ni mtoto uliyemnyonyesha. Na mimi nilisimama pale nikautazama moshi. Sijisamehe.

Hata wewe nina neno nawe. Kwa nini ulizificha mbegu zako? Ulisema majirani wangekuita mvivu. Bora wangekuita mvivu.

Kopo la mwaka huu lilikuwa jikoni nyuma ya chumvi, hawakuliona. Lina mbegu kumi na tatu. Riwaya ya kumi na nne niliikuta chini ya mto wako, imebaki kurasa kumi na moja. Jana nilikaa uani mchana kweupe nikazisoma kwa sauti, kila mtu asikie. Shangazi aliacha kuchambua mchele. Nilipofika mwisho Masanja aliuliza, "Sasa huyo mzee, shamba lake walimnyang'anya kwa kosa gani?"

Nikamwambia, "Kitabu hicho hapo. Anzia mwanzo."

Alikichukua. Sikumshukuru, na kumsamehe bado.

Sijui kama sheria yako inakubali mtu kumaliziwa na mwanawe. Nimeikubali mimi. Mwaka wako umefungwa na mbegu kumi na nne, na kifurushi sikukiweka sandukuni. Nimekitundika dirishani, upande wa barabara. Atakayeona dawa, abishe hodi aingie, nitamsomea.

Lala salama, mama. Macho yako yapumzike.

Kitinda mimba wako,
Kabula